Daftari la Nannerl: jinsi Leopold Mozart alivyosomesha watoto wake nyumbani

Tarehe 26 Januari 1761, majira ya saa tatu na nusu usiku, mtoto ambaye kesho yake angetimiza miaka 5 alijifunza minueti nzima kwenye kinanda kwa nusu saa. Tunayajua haya kwa sababu baba yake, Leopold Mozart, aliyaandika palepale kwenye ukurasa wa nota. Siku mbili kabla alikuwa ameandika maneno kama hayo kwenye kipande kingine, cha mtunzi Wagenseil.

Wanaosimulia maisha ya Wolfgang Amadeus Mozart huanza na kipaji, na kipaji kilikuwepo kweli. Mimi kinachonivuta ni kazi ya mwalimu. Watoto wa nyumba ile hawakupelekwa shule. Kusoma, hesabu, lugha na muziki, vyote walifundishwa na baba yao, mpiga fidla wa Askofu Mkuu wa Salzburg. Mwaka 1756, mwaka uleule aliozaliwa Wolfgang, Leopold alichapisha kitabu cha kufundishia fidla ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kiholanzi na Kifaransa. Huyu hakuwa mzazi wa kubahatisha.

Daftari lenye nota hizo halikuwa la Wolfgang. Leopold alilianzisha mwaka 1759 kwa ajili ya binti yake, Maria Anna, ambaye nyumbani walimwita Nannerl. Linaanza na minueti fupifupi, kisha ugumu unapanda taratibu. Mpangilio huo ndio roho ya mbinu yake. Minueti ni ngoma ndogo yenye sehemu mbili, kila moja hurudiwa. Mkono wa kulia unabeba tuni, wa kushoto unabeba besi. Mtoto anaweza kuimeza yote kwa kikao kimoja, na akiimaliza amemaliza kitu kamili, chenye mwanzo na mwisho wake. Minueti nane za mwanzo, Leopold ameandika, Wolfgang alizijifunza akiwa katika mwaka wake wa nne. Alipoanza kutunga, mwaka 1761, baba aliandika vitungo vyake vya mwanzo katika daftari hilohilo, na vilikuwa na umbo la vile alivyokuwa akivipiga. Umbo lilitangulia, kanuni zikafuata.

Zile tarehe nazo zina kazi yake. Mwalimu anayeandika ni kipande gani kilijifunzwa, lini na kwa muda gani, anajua wiki ijayo aongeze nini na asiharakishe wapi. Wazazi wengi wanaosomesha nyumbani hununua vitabu vizuri kisha wakaruka hatua hii, na kwangu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote.

Leopold alijua pia kuacha nafasi. Nannerl alikumbuka baadaye kwamba mdogo wake, akiwa na miaka 3, alikuwa akitafuta mwenyewe kwenye kinanda sauti mbili zinazopatana, na akifurahi kila alipozipata. Schachtner, mpiga tarumbeta aliyekuwa rafiki wa familia, alisimulia kwamba Wolfgang alipoanza hesabu, meza, viti, kuta na hata sakafu vilijaa tarakimu za chaki.

Juni 1763 familia ilianza safari ya Ulaya iliyodumu hadi Novemba 1766. Safari ile ilikuwa biashara: Leopold aliwaonyesha watoto mbele ya wafalme na umma kwa malipo. Lakini alihakikisha kuwa kuona ni somo. Nannerl aliweka kumbukumbu zake mwenyewe. Huko Calais, binti huyu wa nchi isiyo na bahari aliandika jinsi maji yanavyokimbia kisha yakarudi. Mtoto wa Pemba au Lamu angemweleza kupwa na kujaa bila kufikiri mara mbili. London aliandika kuhusu punda mwenye mistari myeupe na ya kahawia, yaani punda milia wa Malkia Charlotte wa Uingereza.

Katika majira ya joto ya 1764 Leopold aliugua sana huko London, na watoto wakakatazwa kugusa kinanda. Wolfgang akakaa na kalamu, Nannerl ubavuni mwake akinakili, na hapo simfoni yake ya kwanza ikaanza. Mwalimu alikuwa kitandani, na masomo yakaendelea.

Kisha, Julai 1765, familia ilizuru makumbusho ya British Museum, hukohuko London. Ilikuwa imefunguliwa kwa umma mwaka 1759, na Nannerl aliorodhesha alivyoviona: maktaba, vitu vya kale, ndege, samaki, wadudu, nyoka. Familia haikutoka mikono mitupu wala haikuacha patupu. Iliikabidhi sonata zilizochapishwa na muswada wa wimbo mfupi wa kwaya ya sauti nne, wenye maneno ya Kiingereza kutoka Zaburi ya 46. Katibu wa makumbusho, Matthew Maty, aliandika barua ya shukrani tarehe 19 Julai, na muswada huo sasa uko British Library. Ufundi wa ziara ile uko hapa: mtoto wa miaka 9 aliingia kama mtazamaji akatoka kama mchangiaji.

Dosari kubwa ya kazi ya Leopold inamhusu mwenye daftari. Desemba 1769 Leopold alimchukua Wolfgang kwenda Italia. Nannerl, aliyekuwa na miaka 18, alibaki Salzburg na mama yake, na safari zake za maonyesho zikaishia hapo. Alikuwa na uwezo wa kutunga: barua ya mdogo wake ya 1770 inausifu wimbo wake mmoja, ingawa hakuna utunzi wake hata mmoja uliotufikia. Mbinu ilikuwa moja, mwalimu mmoja, na ilifanya kazi kwa wote wawili. Aliyeisimamisha kwa binti ni baba. Baadaye Nannerl aliolewa na kuhama; mumewe alipofariki mwaka 1801, alirudi Salzburg na kufundisha kinanda.