Zohali ni Sayari Ipi?

Mfasiri akiandika kwamba "vimwezi viwili huandamana na pete nyembamba ya Zohali", mwalimu ataielewaje sentensi hiyo? Jibu lategemea kitabu alichosomea.

Katika vitabu kadhaa vya shule za msingi nchini Tanzania, sayari ya sita kutoka kwenye jua iliitwa Sarateni, na ya saba ikaitwa Zohali. Katika maandishi mengine Zohali ndiyo ya sita. Utata wa namna hii kwa kawaida huondolewa na muktadha. Hapa muktadha hausaidii, kwani sayari zote mbili ni kubwa, zina pete, na zina vimwezi. Mwaka 1980 chombo cha Voyager 1 kilipiga picha za Prometheus na Pandora kandokando ya pete ya sayari ya sita. Mwaka 1986 Voyager 2 kilivigundua Cordelia na Ophelia kwenye pande mbili za pete ya sayari ya saba. Sentensi ya mfasiri wetu ni kweli kwa zote mbili. Kwa hiyo hakuna atakayegundua kwamba ameelewa visivyo.

Historia yatupa hukumu. Zohali ni jina lenye asili ya Kiarabu, la sayari iliyoonekana kwa macho tangu kale. Sayari ya saba ilitambuliwa na William Herschel kwa darubini mwaka 1781. Pete zake zilijulikana mwaka 1977, nuru ya nyota iliyokuwa nyuma yake ilipofifia mara kadhaa. Jina la kale halikuweza kuwa lake. Sarateni nalo latokana na jina la kundi la nyota, yaani Kaa, wala si la sayari.

Yafaa basi Zohali libaki kwa sayari ya sita, na ya saba iitwe Uranusi. Neno "kimwezi" nalo tulipokee kwa tahadhari. Latuepusha na utata wa "miezi mitatu", ambayo huenda ikawa muda. Lakini halimfai Titan, ambaye kipenyo chake chaizidi sayari ya Utaridi.

Hadi vitabu vitakapolinganishwa, mfasiri hana budi kutaja, mara ya kwanza atumiapo jina la sayari, nafasi yake kutoka kwenye jua. Ni maneno machache, nayo yatamwepusha mwanafunzi na kosa asilolitenda.