Bukheti Hakuustahili Mwisho Ule

Ndoa ya Yasmini na Bukheti ni kosa la kiufundi. Nalisema mapema ili anayetaka kununa anune sasa. Kila mwaka kidato cha sita kipya kinaposhika riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kwa ajili ya mtihani, ugomvi huu unafufuka Wete, unafufuka Chake, unafufuka Mkoani. Wapo wanaoufunga ukurasa wa mwisho wakipiga vigelegele, na wapo wanaoufunga wakisonya. Mimi ni katika wasonyao, na sijasikia hoja ya kunitoa huko.

Mazuri ya Adam Shafi tuyapitie mbio, maana wasomaji wa safu hii mnayajua. Yasmini, binti wa miaka 15, kuozwa Raza, mzee wa miaka 52, kumeelezwa bila machozi ya bure. Msako wa Inspekta Wright na Koplo Matata una taharuki ya kumfanya mtu aunguze wali jikoni. Mwajuma ni mhusika duara kuliko wote waliomo. Haya, sifa tumezimaliza.

Riwaya hii iliyotoka mwaka 1999 inaendeshwa na mambo mawili, msako na mapenzi, na yote mawili yamefungwa kwa mtu mmoja. Denge ndiye anayesakwa, Denge ndiye anayependwa. Kila karatasi ya marufuku anayoisambaza inaitia joto serikali ya Mwingereza, na papo hapo inamtia roho juu mwanamke anayemsubiri usiku. Ndiyo maana msomaji wa upelelezi na msomaji wa mahaba wanaweza kukaa jamvi moja juu ya kitabu hiki wasigombane mpaka karibu na mwisho. Lakini mfumo huo una sharti lake: siku mwandishi atakapomwondoa Denge, ameondoa vyote viwili kwa mkupuo. Shafi alipomwondoa, msako ulikwisha kihalali. Mapenzi yalibaki yanadai. Badala ya kuliacha deni lionekane ni deni, mwandishi akaangaza huku na huku kutafuta wa kulilipa, akamwona Bukheti.

Bukheti huyu ni kijana wa Mombasa, tuliyekutana naye kule Raza alikohamia na mkewe biashara ilipokwenda mrama Unguja. Wanaomtetea Shafi hunitolea hoja hii kwanza: mhusika kapandwa mapema, si mgeni. Kupandwa kapandwa, sikatai. Kilichokosekana ni kukumbushwa. Yasmini anamtoroka Raza, anavuka bahari kurudi Unguja, watu wake mwenyewe wanamfungia mlango, Mwajuma anamfungulia wake, anampenda Denge, polisi wanamwandama. Katika yote hayo Bukheti hana kazi. Hakuficha karatasi, hakukesha kumngoja mtu, hakukalishwa mbele ya Wright akaulizwa maswali ya mtego. Vumbi likishatulia, anatokea mzima, bila hata mkwaruzo, anakabidhiwa bibi harusi.

Watu wa Pujini na Kengeja mnaoujua mchezo wa ng'ombe mtanielewa. Ng'ombe kishapandwa na hasira, ngoma zimekolea, watu wamejaa mpaka juu ya miti, halafu anafunguliwa kamba anapelekwa malishoni, analetwa ndama anayetafuna majani, na sisi tunatakiwa tuendelee kushangilia.

Dawa haikuwa kubwa. Barua moja kutoka Mombasa ingetosha, ifike Ng'ambo kwa Mwajuma wakati mbaya, isomwe na mtu asiyehusika. Au jina la Bukheti limponyoke Yasmini mbele ya Denge, Denge alisikie, anyamaze. Au kisengerenyuma kifupi tu usiku ambao Denge hakurudi, Yasmini akajikuta anamuwaza mtu wa upande wa pili wa bahari na akajichukia kwa kumuwaza. Vitu vidogo hivyo, kurasa mbili tatu kwa jumla, vingemweka Bukheti ndani ya hatari hata kama mwili wake uko Mombasa. Mwandishi aliyeweza kuusuka mgomo wa makuli wa 1948 katika Kuli bila uzi kumponyoka hawezi kuniambia hakuijua kazi hii. Aliijua. Aliharakia harusi.

Na harusi yenyewe inamgeuza Yasmini. Hili ndilo linaloniudhi zaidi ya sadfa. Tulipomjua, alikuwa msichana aliyetendewa kila kitu: kaozwa, kafungiwa dukani, kahamishwa. Akavunja. Ule uamuzi wa kuondoka kwa Raza ni wake peke yake, na Shafi aliupa uzito, akatuonyesha gharama zake moja baada ya moja, nyumba iliyomfukuza na kabila lililomkana. Basi uamuzi wake wa mwisho ulistahili kupimwa kwa mizani ile ile. Nataka kuona usiku aliokosa usingizi. Nataka kuona akimkasirikia Denge kwa kuipenda siasa kuliko yeye, kisha akimtetea. Badala yake moyo unageuka haraka kuliko kalamu hii ilivyotuzoesha, na yule aliyekwisha kujitoa mkononi mwa mwanamume mmoja anatolewa mkononi mwa wa pili akatiwa mkononi mwa wa tatu. Wa tatu ni mwema, nakubali. Wema wake haukupimwa popote.

"Maalim, mwanamke kishateseka, mwache apumzike," kijana mmoja aliniambia barazani Tibirinzi.

"Kwani kupumzika lazima aolewe?" mwenzake akamjibu kabla mimi sijafungua mdomo.

Baraza likagawika, kama linavyogawika kila mara. Upande wa harusi una hoja ambayo si ya kupuuzwa: Bukheti ni Mombasa na Yasmini ni Unguja, yeye Mswahili na mke Mhindi, kwa hiyo ndoa yao inaunga pwani moja na kuvunja ukuta ambao Mwingereza aliupenda sana usimame. Kuna na ile ya asiyekuwapo na lake halipo: wapigania uhuru walikwenda zao, wanawake hawakuwa na wajibu wa kuzeeka wakiwangoja. Mawazo mazuri yote mawili. Tatizo ni kwamba yanabaki mawazo. Wazo haliwi tukio mpaka mtu alipie kitu mbele ya macho yetu.

Na kwa Zanzibar, jambo la msichana wa Kihindi kuolewa nje ya jamii yake halisomwi kwa moyo mwepesi. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau. Hadithi ya Shafi ni ya kabla ya hapo, ya zama za Mwingereza, lakini msomaji aliyeifungua mwaka 1999 alikuja na kumbukumbu yake. Msomaji huyo anahitaji kuliona "ndiyo" la Yasmini likitoka ndani, polepole, likiwa na sababu. Mwandishi aliyewahi kuwekwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972, aliyekuja kuandika Haini, anaujua uzito wa kulazimishwa kuliko wengi wetu. Kwa nini basi ridhaa hii aipitishe mbio?

Sasa niruhusuni nirudi kwa wazee wangu, najua mnaungoja wimbo huu. Muhammed Said Abdulla, mtoto wa Makunduchi, aliposhinda shindano la uandishi la 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, alituwekea kanuni ambayo warithi wake wanaivunja kila siku. Mpelelezi wake Bwana Msa anavuta kiko chake, rafiki yake Najumu anauliza maswali ambayo sisi tulitaka kuuliza, na mwisho unapofika kila uzi unaofunguliwa tulikwisha kuugusa. Hakuna anayeshuka kutoka mbinguni kuja kufunga hesabu. Watu humlaumu Abdulla kwa kumpa Bwana Msa maelezo marefu mwishoni, na ni kweli ni marefu, lakini ni marefu kwa sababu anadaiwa na analipa chote.

Tumchukue Said Ahmed Mohamed. Katika Utengano, mwaka 1980, Maimuna anatoka kwenye kifungo cha baba yake Maksuudi, anaporomoka mpaka chini kabisa, na mwishowe anaolewa na Kabi. Kwa juu juu ni mwisho ule ule wa Shafi: mwanamke aliyeteseka, mwanamume mwema, ndoa. Tofauti ni kwamba Kabi ni wa nyumba ya Bi Farashuu, na Bi Farashuu ana kisa chake cha kale na Maksuudi. Ndoa ile inafungwa ndani ya chuki na fidia zilizoanza kabla Maimuna hajajua kusema, na Kabi anamwoa huku anajua alikotoka. Miaka mitatu nyuma yake, katika Asali Chungu, mwandishi huyo huyo alimwacha Dude na Shemsa na jeraha la damu moja likiwa wazi, asilifunike kwa kitambaa chochote. Huo ni ujasiri.

Kisha kuna wale ambao walimu wetu huwataja kwa kubinua midomo. Fasihi pendwa, wanasema, kana kwamba ni ugonjwa, na wengi wao waliisoma chini ya dawati wakati wa hesabu. Hao hao ndio wanaonuna Mfadhili ya Hussein Tuwa kukaa rafu moja na Kufikirika ya Shaaban Robert. Wapende wasipende, Elvis Musiba na Ben Mtobwa waliijua kanuni ninayoidai hapa. Willy Gamba wa Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, ana mahaba mepesi yasiyonipendeza, lakini hakuwahi kutudanganya kuwa ni mazito. Mtobwa kafanya vizuri zaidi. Neema Iddi yuko karibu na Joram Kiango kwa sababu anaingia naye kwenye moto, anafanya kazi, anahatarisha roho. Nafasi yake kaipata kwa jasho. Vitabu vya kuuzwa stendi ya basi vimemlipisha mpenzi nauli yake, na riwaya ya kutungiwa maswali ya mtihani wa taifa imempandisha bure!

Maswali yenyewe yamechangia. Mwanafunzi anaambiwa ajadili ndoa akitumia riwaya mbili, anafungua zile notsi za kurudufu zinazozunguka skuli zote, anakuta Yasmini na Raza chini ya ndoa ya kulazimishwa, Yasmini na Bukheti chini ya mapenzi ya kweli. Anakariri, anaandika, anapata alama. Hakuna anayemuuliza kama mwandishi ameyajenga hayo mapenzi au ameyatangaza tu. Amil Shivji alipoileta hadithi hii kwenye filamu mwaka 2021 na kuipeleka tamasha la Toronto, alijua wenye hadithi ni nani: Yasmini na Denge. Kidato cha sita walioiona wakaja kuniambia sasa wananielewa. Ilichukua filamu.

Ningekuwa mhariri wa mswada ule nisingemfuta Bukheti. Aje. Ashuke bandarini Unguja, aulizie njia ya Ng'ambo, agonge mlango wa Mwajuma. Mwajuma amkaribishe chai na amhoji kikwelikweli, maana yule mwanamke anajua kuhoji kuliko Wright. Yasmini atoke chumbani, akae, amweleze mambo ya Denge yote, bila kupunguza hata moja. Kisha amwambie angoje, asimwambie mpaka lini. Kama kijana hana subira, meli ya kurudi Mombasa ipo.