Ukubwa na Umbo: Uhakiki wa Kipimo cha Evans baada ya Upasuaji wa Uvimbe wa Tezi ya Pituitari

Mwaka 1942 Evans alipendekeza kipimo ambacho hadi leo hutumika kutathmini ventrikali, yaani vyumba vya ubongo vyenye ugiligili. Upana mkubwa zaidi wa pembe za mbele za ventrikali za pembeni hugawanywa kwa upana mkubwa zaidi wa ndani ya fuvu; jibu likizidi 0.3, ventrikali huhesabiwa kuwa zimepanuka. Kipimo hiki ni rahisi, na kinafaa hata katika hospitali isiyo na programu za kukokotoa ujazo. Makala hii inahoji utoshelevu wake kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa uvimbe wa tezi ya pituitari.

Udhaifu wa kwanza ni wa mahali. Tezi hiyo hukaa katika kishimo cha mfupa chini ya ubongo. Uvimbe unapokua kuelekea juu, husukuma makutano ya neva za macho na kuinua sakafu ya ventrikali ya tatu. Ukishaondolewa, sakafu hiyo hushuka. Mara chache huvutwa, pamoja na neva za macho, ndani ya kishimo kilichobaki wazi, na uoni uliokuwa umerejea ukaanza kufifia tena. Yote hayo yanaweza kutokea bila pembe za mbele kubadilika. Pembe hizo hupanuka hasa pale uvimbe unapoziba matundu ya Monro na ugiligili kukosa njia.

Udhaifu wa pili ni wa sababu. Katika ugonjwa wa Cushing, uvimbe, ambao mara nyingi ni mdogo na haugusi ventrikali, husababisha kotisoli kuzidi mwilini; ujazo wa ubongo hupungua na ventrikali hupanuka. Kotisoli ikidhibitiwa, ubongo hurejesha sehemu ya ujazo wake. Hivyo nambari inayoshuka inaweza kumaanisha, kwa mgonjwa mmoja, kwamba njia ya ugiligili imefunguka; na kwa mwingine, kwamba tishu ya ubongo inarejea.

Kwa hiyo ripoti isemayo tu kwamba ventrikali zimepungua haijajibu swali la daktari. Kiswahili hutofautisha ukubwa na umbo. Ripoti nazo zitofautishe. Miongozo ya hospitali idai, pamoja na nambari, maelezo ya mambo matatu: sakafu ya ventrikali ya tatu, matundu ya Monro, na makutano ya neva za macho, kabla na baada ya upasuaji. Yote matatu husomeka katika picha za MRI ambazo wagonjwa hawa tayari hupigwa.