Binti wa Maonyesho

Wako wasanii waliohangaika kulitafuta jukwaa, na yuko Columbia Eneutseak, aliyezaliwa jukwaani. Mama yake, Esther, alikuwa miongoni mwa Wainuit waliotolewa Labrador wakapelekwa Chicago kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1893. Mtoto alizaliwa Januari ya mwaka huo, maonyesho yenyewe yakiwa bado hayajafunguliwa, nayo yakampa jina. Akakua watu wakilipa kiingilio ili wamtazame.

Kutazamwa ni kazi, tena kazi ngumu. Wainuit wa Chicago walitakiwa wavae manyoya hata joto lilipopanda. Baadhi yao wakagoma, wakahama, wakafungua kijiji chao wenyewe nje ya uwanja. Wanaume walirusha mijeledi mirefu ya kuendeshea mbwa na kuzidonoa sarafu zilizotegwa ardhini. Katika maisha kama hayo, nadhani, ndimo Columbia alimosomea uigizaji: kutambua umati unapoanza kuchoka, mkono uinuke kiasi gani hata aliye nyuma aone, na lini kusimama tu kunatosha. Huko Seattle, kwenye maonyesho ya 1909, alichaguliwa malkia.

Mwaka 1911 kampuni ya Selig Polyscope ikatoa filamu ya The Way of the Eskimo, chini ya uongozaji wa William V. Mong. Columbia, msichana wa miaka 18, ndiye aliyeigiza nafasi kuu, na hadithi yenyewe aliitunga yeye. Sinema ya wakati ule haikuwa na sauti. Mtunzi hakuwa na mazungumzo ya kujifichia. Wivu, njaa au woga, vyote vilipaswa vionekane mwilini. Ufundi huo nani angeuweza kuliko mtu aliyetazamwa tangu utotoni? Tofauti ni kwamba safari hii aliyeamua kitazamwe nini ni yeye.

Miaka 11 baadaye Robert Flaherty alitoa Nanook of the North. Mwigizaji wake mkuu, Allakariallak, alibandikwa jina jingine na kutakiwa awinde kwa zana za mababu, ilhali bunduki alikwisha kuizoea. Ni filamu nzuri, sibishi. Hata hivyo, ilisalimika, na ile ya Columbia ikapotea, na ndiyo maana wengi huianza habari ya Wainuit katika sinema kwa Flaherty.