Mgema akisifiwa: Wanafunzi wafunzwe kuhakikiana, si kupongezana tu

MIONGONI mwa mambo ambayo Mtaala wa Umilisi umeyapa nafasi tangu uanze kufanyiwa majaribio nchini 2017 ni wanafunzi kutathminiana. Mtoto anaandika insha, anawasomea wenzake, nao wanaitolea maoni. Katika vyuo vikuu desturi hiyo ina umri mkubwa zaidi, hasa kwenye kozi za fasihi, filamu, uanahabari na sanaa za maonyesho, ambako mwanafunzi hutakiwa kuisoma kazi ya mwenzake na kuiandikia maoni kabla haijamfikia mhadhiri.

Sina ugomvi na desturi yenyewe. Nyani haoni kundule, na mwandishi naye hayaoni mapengo ya hoja zake kwa sababu kichwani mwake yamekwisha kuzibwa. Anahitaji jicho la mtu mwingine. Ninachokitilia shaka ni yale yanayoandikwa pembezoni mwa insha hizo. Baada ya miaka mingi ya kuyasoma, nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita tathmini ya wenza ni watu kusalimiana tu.

Yapo maoni ya aina tatu ambayo mwalimu yeyote wa kozi hizi atayatambua. Ya kwanza ni pongezi: "Kazi safi," "Hongera, endelea vivyo hivyo." Yakihamia kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa yanakuwa "iko fiti, buda" ama "hapo umeua!" Ya pili ni msako wa makosa madogo madogo: hapa pamekosekana koma, pale herufi kubwa, jina la mtunzi limeendelezwa vibaya. Msako huo una faida, lakini ni sawa na kufagia ua wa nyumba ambayo hujaingia ndani. Aina ya tatu imezidi siku hizi baada ya akili unde kuingia simuni. Utaona aya tatu zilizopangika vizuri, zinasifu "uchanganuzi wa kina" na kupendekeza "mifano zaidi", bila kutaja mhusika hata mmoja wala tukio lolote. Ukitaka kuyapima maoni ya aina ya kwanza na ya tatu, yachukue uyabandike kwenye insha ya mtu mwingine. Yakikaa sawa huko pia, jua aliyeyaandika hakuisoma insha hii.

Kwa nini iwe hivi? Wengi husema vijana wa leo ni wavivu. Hilo sikubaliani nalo, kwani nimewaona vijana haohao wakibishana usiku kucha kuhusu kipindi cha televisheni, kila mmoja na ushahidi wake. Sababu ziko kwingine. Kwanza, wanafunzi hawa wanaishi pamoja. Anayekosoa leo atakosolewa kesho, basi wanawekeana mkataba wa kimyakimya: usiniguse, nisikuguse. Pili, alama hutolewa kwa kujaza fomu ya maoni, haidhuru umejaza nini. Tatu, mwanafunzi huiga alichokiona. Ikiwa kwa miaka minne insha zake zimekuwa zikirudi na maneno "Fafanua" na "Hoja dhaifu", na chini yake 12 juu ya 20, atajifunzia wapi namna nyingine ya kumsoma mwenzake? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Insha zinazohusu sanaa na vyombo vya habari zina mtego wake pia. Mwanafunzi anaandika kwamba wimbo fulani wa gengetone unamdhalilisha mwanamke. Mwenzake anasoma, anatikisa kichwa, kisha anasema, "Hayo ni maoni yake, mimi ni nani nimpinge?" Huyu amechanganya ladha na dai. Ladha haina hakimu. Ukipenda taarab nami nikapenda benga, hakuna wa kumshinda mwenziwe. Dai lina ushahidi, na ushahidi hukaguliwa. Ukiniambia wimbo unamdhalilisha mwanamke nitakuuliza ni ubeti upi, ni nani anayesema katika ubeti huo, na je, mwimbaji anakubaliana na msemaji huyo ama anamcheka?

Tuchukue mfano wa filamu ambayo wengi wanaijua, Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutoka 2012. Tuseme mwanafunzi ameandika kwamba filamu hiyo inaonyesha jinsi umaskini unavyomgeuza kijana kuwa mhalifu. Ametaja jinsi Mwas anavyoporwa punde tu anapoingia jijini, anavyotiwa ndani na hatimaye anavyojiunga na genge. Mwenzake akimwandikia, "Hoja nzuri, ongeza mifano," mwandishi ataongeza kisa kingine cha wizi juu ya vile alivyonavyo. Insha itanenepa bila kukua.

Mwenzake mwingine, aliyerudi kuitazama filamu yenyewe, angeandika hivi: "Nimekuelewa kwamba umaskini ndio unaomsukuma Mwas. Lakini kilichomleta Nairobi ni hamu ya kuwa mwigizaji. Hata akiwa ndani ya genge anaendelea na mchezo wa kuigiza. Insha yako haijaugusa mchezo huo. Je, dai lako linaueleza, ama mchezo huo unalipinga?"

Maneno haya hayana tusi, wala hayana sifa. Yanarudia hoja ya mwandishi ili ajue ameeleweka vipi. Yanataja kitu kilichomo ndani ya filamu. Halafu yanauliza swali ambalo mwandishi hawezi kulijibu kwa kuongeza mfano. Itambidi alifikirie upya dai lake. Mwanafunzi aliyeyaandika amefanya uhakiki kamili, na yeye mwenyewe ameielewa filamu hiyo kuliko alivyoielewa juzi.

Wapo wanaowafunza wanafunzi kanuni ya kuanza na sifa, kutia kasoro, kisha kumaliza na sifa, kama nyama ndani ya sambusa. Nia yao ni njema: wanamlinda anayekosolewa asivunjike moyo. Lakini wanafunzi wengi wakishapewa sambusa hiyo hula manda wakaacha nyama. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Heshima kubwa unayoweza kumpa mwandishi ni kumsoma kwa makini. Ukiwa na sifa ya kumpa, ipe mahali pake: mwambie ni aya ya ngapi iliyokufungua macho, na ilikuonyesha nini.

Kukosoana hivi si jambo geni kwetu. Mwaka 1977 kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliupeleka muswada wa tamthilia yao ya Gĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, mbele ya wakulima na wafanyakazi wa eneo hilo. Mazoezi yalifanywa hadharani na kila aliyekuwapo aliruhusiwa kusema. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anaeleza jinsi watu hao walivyousahihisha muswada. Walikuwa wakali kuhusu lugha, kwa mfano namna mzee anavyopaswa kuzungumza, na kuhusu historia waliyoiishi wenyewe. Wengi wao hawakuwa na shahada. Walikuwa na jambo wanalolijua na walilionyesha palepale kwenye mstari uliokosea. Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Oktoba, na kufikia katikati ya Novemba serikali ilikuwa imeipiga marufuku.

Mwanafunzi anayedhani kwamba hana mamlaka ya kumkosoa mwenzake na ajiulize anachokijua yeye. Aliyekulia Kayole ana la kusema kuhusu jiji linaloonyeshwa kwenye filamu ambalo huenda mhadhiri wake halijui. Aliyelelewa Lamu atalisikia neno lililopotoshwa ndani ya wimbo kabla ya sisi wa bara kugutuka.

Kupokea maoni nako ni kazi. Kuna mwandishi anayetii kila aambiwalo, hata insha yake ikawa kama matatu yenye madereva watano. Kuna mwingine anayenuna: "Hakunielewa." Huyu wa pili asahau kujitetea kwanza. Msomaji mmoja makini akishindwa kuielewa aya yako, aya hiyo ina jambo la kuangaliwa, hata kama dawa aliyokupendekezea siyo.

Hata hivyo, kusikiliza si lazima kuwe kutii. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mnamo 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata arudhi, wanamapokeo walimjia juu. Walisema waziwazi walichokikataa: bila vina na mizani hakuna shairi. Kezilahabi hakurudi kwenye vina. Diwani zake zilizofuata, Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), ziliendelea na njia ileile. Lakini mjadala huo ulizilazimisha pande zote mbili kufafanua shairi ni nini, swali ambalo wengi walikuwa wakidhani limekwisha kujibiwa. Mwanafunzi ana haki hiyohiyo ya kuyakataa maoni, mradi aweze kusema kwa nini.

Kuna hatari kubwa kuliko alama. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili ukumbini huisoma kila insha mara moja, tena mbiombio. Mwenzako wa darasani huenda ndiye msomaji pekee atakayekaa na kazi yako saa nzima. Akikupa "iko fiti", basi hukusomwa na mtu.

Halafu wanafunzi hawa huhitimu. Ndio wanaokuja kuwa wahariri, walimu, waandishi wa safu za sanaa na wanakamati wa kuteua vitabu vya kutahiniwa. Hudhuria uzinduzi wa kitabu cha Kiswahili popote nchini uone. Msemaji baada ya msemaji atasimama na kutangaza kwamba kitabu ni johari, na nadra umsikie mmoja akitaja ukurasa. Filamu ya Kenya nayo husifiwa ati kwa kuwa ni ya kwetu na lazima tuunge mkono vya kwetu. Msanii anayeambiwa kwamba kila kazi yake ni bora hana njia ya kujua ni ipi iliyokuwa bora kweli. Ugonjwa huo tunaouona ukumbini ulianzia darasani.

Dawa yake haihitaji bajeti. Fomu ya maoni na iwe na maswali matatu tu. Kwa maneno yako mwenyewe, mwenzako anadai nini? Ni sentensi ipi iliyokufanya usimame, ukaisoma tena ama ukaikataa? Ni sehemu gani ya wimbo, filamu au tamthilia ambayo dai lake limeiruka? Mwandishi naye aandike nusu ukurasa akieleza ni maoni gani aliyoyakubali, ni yapi aliyoyakataa, na kwa sababu gani. Kurasa hizo mbili zitahiniwe kama insha yenyewe inavyotahiniwa. Mwanafunzi akijua kwamba maoni yake yatasomwa na kupewa alama kwa ubora wake, atalazimika kuisoma insha ya mwenzake hadi mwisho, na kuirudia kazi ya sanaa inayozungumziwa.

Mwanzoni watanuniana kidogo. Waacheni. Kukosoa si kukosana, na urafiki unaovunjwa na swali kuhusu aya ya tatu ulikuwa na ufa tangu hapo.