Sifa za Tabibu na Ugomvi wa Matabibu

Shairi la sifa halitungwi pasipo sababu. Asifiwapo tabibu mmoja, aghalabu yuko mwingine apigwaye kwa sifa hizo hizo. Hayo yaonekana wazi katika mashairi ya Kilatini ya karne ya 16.

Mwaka 1527, mjini Basel, Paracelsus alipinga mafundisho ya Galen na Ibn Sina, yaliyotawala vyuo kwa karne nyingi. Yasemekana alikitia motoni kitabu cha Ibn Sina. Jibu lilimjia kwa shairi. Lilibandikwa hadharani bila jina la mtungaji, na ndani yake mzuka wa Galen wamdhihaki na kulipotoa jina lake. Paracelsus alishtaki kwa baraza la mji. Shairi lile lina makali, lakini fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na humo nyasi hazikutajwa kabisa. Wamo matabibu, mgonjwa hayumo.

Girolamo Fracastoro wa Verona, tabibu na mshairi, alishika njia nyingine. Utungo wake wa vitabu vitatu, uliochapwa mwaka 1530, wahusu ugonjwa ambao Waitalia waliuita wa Kifaransa, nao Wafaransa wakauita wa Napoli. Alimbuni mchungaji Syphilus, aliyelitukana jua akapatwa na maradhi. Jina hilo likawa jina la kaswende katika lugha nyingi za Ulaya. Fracastoro naye ana dawa azisifuzo: zebaki, na mti wa guayako kutoka Amerika, ambao Paracelsus aliupinga. Dawa hizo zimepitwa na wakati, lakini utungo ungali wasomwa. Sababu ni kwamba, kabla ya dawa, msomaji amekwisha kuonyeshwa kijana mzuri aliyeliwa na ugonjwa macho na pua, akafa. Sifa ya dawa yapata uzito kwa kifo hicho.

Mwanafunzi wa Heru Juu, katika nyanda za Kasulu, hahitaji kuvuka bahari apate mfano. Nyumba moja yaweza kumwendea daktari asubuhi na mganga wa mitishamba jioni, na kila mmoja ana wamsifuo. Kiswahili kimewapokea wote: mganga ni neno la Kibantu, tabibu la Kiarabu, daktari la Ulaya. Atakayemtungia sifa mmoja wao na aulizwe kwanza: mgonjwa yuko wapi? Asipokuwamo, hizo si sifa za uganga. Ni malumbano tu.