Kemia ya Moto katika Vyungu vya Magdalene Odundo

Uhakiki wa kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hukazia zaidi umbo la mwili na urithi wa Kiafrika. Mkabala huo ni sahihi ila haujitoshelezi, kwani huiacha nje sayansi inayozaa rangi za vyungu vyake. Odundo hufinyanga bila gurudumu, husugua chungu hadi king'ae, kisha hukichoma. Oksijeni ikitosha tanurini, chuma kilichomo katika udongo hutoa wekundu. Chungu kikichomwa tena katika moto ulionyimwa hewa, huwa cheusi. Weusi huo haukupakwa. Ni matokeo ya mmenyuko wa kikemia.

Maarifa hayo yana vyanzo vingi. Mwaka 1974 Odundo alijifunza Abuja, Nigeria, katika kituo kilichoasisiwa na Michael Cardew, alikofinyanga Ladi Kwali. Mwaka 1982 alihitimu Royal College of Art, London. Mkono wa mfinyanzi wa kijijini na chuo kikuu vilikutana katika tanuri moja.

Kwa Bulumbi na Busia nzima, hoja hii si ngeni: wahunzi wa Samia waliyeyusha chuma kwa kutawala moto na hewa. Hata hivyo, sekondari ya juu nchini Kenya sasa humtaka mwanafunzi achague njia ya sayansi au ya sanaa. Mtaala unaozitenga njia hizo utamweka wapi mfinyanzi? Wapangaji wa elimu wa pande zote mbili za mpaka hawana budi kulijibu swali hilo.